Nikija Nairobi Nibebe Nini?

Desemba iliyopita, saa nne usiku, binamu yangu wa Sigor alinitumia ujumbe: "Sasa. Nakuja Nai wiki mbili. Nibebe nini?" Alikuwa amemaliza kidato cha nne juzi tu, ametimiza miaka kumi na minane, na hajawahi kulala Nairobi hata usiku mmoja. Nikamjibu haraka haraka kama mtu anayejua mji. Sweta moja. Viatu vya kufunga, si ndala. Chaja. Pesa nyingi kwa simu, kidogo mfukoni. Begi moja ya mgongoni, na ukiwa kwa umati uivae mbele. Simu usiitoe karibu na dirisha la matatu. Nikalala.

Asubuhi nikapata sauti ya dakika tatu kwa Wasap. Alikuwa amemsomea kogo, nyanya yetu, orodha yangu yote, na nyuma ya sauti yake nikamsikia kogo akicheka kwanza, halafu akauliza: "Na kitambulisho? Na maziwa? Anaenda kwa watu mikono mitupu kama askari?"

Nilicheka pia, lakini swali halikuniacha siku nzima. Orodha yangu ilikuwa ya mtu anayeogopa kuibiwa. Orodha ya kogo ilikuwa na vitu viwili tu, karatasi na maziwa, na ilikuwa ya mtu anayejua kwamba mji unaweza kukuuliza wewe ni nani, na kwamba mwenyeji wako pia anaweza kukuuliza hivyo hivyo bila kufungua mdomo. Sikuwa nimefikiria hata kimoja. Nikaanza kusoma, kisha nikampigia kogo simu mara kadhaa, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza niseme Sigor ni wapi, kwa sababu ziko mbili. Moja iko Pokot Magharibi, na watu wengi ndiyo wanayoijua. Yetu iko Chepalungu, Kaunti ya Bomet. Ukimwambia mtu wa Nairobi kwamba unatoka pande za Kericho na Bomet, anaona majani ya chai hadi upeo wa macho. Chai iko, lakini iko juu, kule Konoin na kuelekea Kericho. Sigor ni chini, kuna joto, ni nchi ya mahindi na ng'ombe wa maziwa. Leo ukitaka Nairobi unapanda matatu hadi Bomet, unapanda nyingine, unapita Narok, unashuka hadi Mai Mahiu, kisha unaupanda ukingo wa Bonde la Ufa ukipita kile kikanisa kidogo walichojenga mateka Waitaliano mwaka 1942 walipokuwa wakichonga ile barabara. Ukitoka alfajiri, mchana uko mjini. Zamani haikuwa hivyo.

Karatasi

Reli ya kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Kwa Wakipsigis, kituo cha karibu kilikuwa Lumbwa, ambacho leo kinaitwa Kipkelion. Lumbwa ndilo jina ambalo Waingereza waliwabandika watu wetu, na wenyewe hawakulipenda. Kutoka Sigor hadi kituo hicho, kwa miguu, ni safari ya siku kadhaa. Kwa hiyo mtu wa kwetu aliyetaka kuona Nairobi alitembea kwanza hadi kwenye jina ambalo si lake, ndipo akapanda gari moshi.

Na kama alikuwa mwanamume, kuanzia mwisho wa vita vya kwanza vya dunia alilazimika kubeba kitu kimoja kabla ya vingine vyote. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, vita vikaichelewesha, na ikaanza kutekelezwa mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka kumi na sita kwenda juu alichukuliwa alama za vidole na kupewa kipande. Ndani kuliandikwa jina lake, kabila lake, mwajiri wake, mshahara wake, tarehe aliyoanza kazi na tarehe aliyoachiliwa, pamoja na sahihi ya mwajiri. Karatasi ilikaa ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni kwa kamba. Watu walikifananisha na kengele ya mbuzi, na ukifikiria vizuri huoni tofauti kubwa: kengele humwambia mwenye mifugo mnyama wake yuko wapi.

Hebu tazama kile kikaratasi kiliuliza nini. Hakikuuliza unakwenda kumtembelea nani. Kiliuliza unamfanyia nani kazi. Mtu aliyeacha kazi bila mwajiri kutia sahihi alikuwa mtoro, na angeweza kufuatiliwa, kutozwa faini au kufungwa. Maana yake ni kwamba kitu tunachokiita leo "kwenda Nai kutembea tu" hakikuwa na nafasi kwenye ile fomu. Mji ulimtambua Mwafrika kama mkono wa kazi, na mkono usio na kazi ulikuwa mzururaji. Sheria ya uzururaji yenyewe ilidumu muda mrefu baada ya bendera kubadilishwa. Ilifutwa mwaka 1997, katika yale mageuzi yaliyofanywa kabla ya uchaguzi.

Watu hawakunyamaza. Kipande kilikuwa mojawapo ya malalamiko makubwa ya Harry Thuku na chama chake cha East African Association. Alipokamatwa Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi cha Nairobi kudai aachiliwe. Tarehe 16 askari wakafyatua risasi. Zaidi ya watu ishirini walikufa, na kati yao alikuwa Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewaaibisha wanaume waliotaka kurudi nyuma.

Mwaka 1947 sheria ilibadilishwa ili watu wa rangi zote waandikishwe. Hapo ndipo Wazungu wengi waliona kwamba kutiwa vidole wino ni kudhalilishwa. Miaka karibu thelathini walikuwa hawajaliona hilo.

Wazee wengi bado wanaita kitambulisho "kipande". Mimi nilidhani ni uzee tu. Kumbe ni kumbukumbu.

Shingo tupu

Kuna kitu sikukijua hadi nilipomuuliza kogo. Yeye alikuja Nairobi mara ya kwanza miaka ya mwisho ya sitini, kumtembelea babu ambaye alikuwa soja, mlinzi wa usiku, kwenye nyumba ya mtu. Nikamuuliza alibeba nini.

"Mtoto mgongoni, sotet mbili, na unga wa wimbi."

"Na kitambulisho?"

"Wanawake hawakuwa na hicho. Babu yako ndiye alikuwa nacho."

Nikadhani anakosea. Hakukosea. Kipande kilikuwa cha wanaume, na hata baada ya uhuru kuandikishwa kuliendelea kuwa jambo la wanaume. Ni mwishoni mwa miaka ya 1970 ndipo sheria ilipobadilishwa na wanawake wa Kenya wakaanza kupewa vitambulisho. Kogo alikuwa tayari na watoto wanne. Aliingia mji mkuu wa nchi huru bila karatasi hata moja yenye jina lake. Akiulizwa, jibu lilikuwa jina la mume.

Ukiligeuza, hata hivyo, hilo pengo lilikuwa na upande mwingine. Miongo mingi kabla ya kogo, wanawake waliokuja Nairobi peke yao hawakuwa na kikopo shingoni, na hawakuwa na sahihi ya mwajiri ya kungoja. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu ukahaba katika Nairobi ya wakoloni, alizungumza na wanawake wengi wazee wa Pumwani na kwingineko. Anaonyesha kwamba kizazi cha kwanza kilikuja wakati mifugo ya wazazi wao ilikuwa imeangamia kwa maradhi na vita, na kwamba wengi walituma pesa nyumbani ili zizi lijazwe tena. Wengine waliokata mguu wa kurudi walijenga nyumba Pangani na Pumwani, wakawa wenye nyumba, wakapangisha.

Nyumbani hatuzungumzii hayo. Binti aliyekwenda mjini na kukaa "alipotea". Lakini ng'ombe walionunuliwa kwa pesa zake hawakupotea, walihesabiwa kwenye mahari ya kaka zake. Nikisoma hayo, nilifikiria wale wasichana walivyoondoka: bila kibali, bila anwani, labda na kitambaa cha kujifunika tu. Hao ndio waliobeba vichache kuliko wote na kurudisha vingi kuliko wote.

Mgongo

Kabla ya begi kulikuwa na mgongo na kichwa. Misafara ya karne ya kumi na tisa kutoka pwani ilikwenda kwa wapagazi, na mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo thelathini, pamoja na mkeka wake, sufuria na chakula chake. Kitambaa kilichobebwa sana kilikuwa marekani, pamba nyeupe nzito iliyopata jina lake kwa sababu ilitoka viwanda vya Marekani.

Halafu vikaja vita vya 1914. Waingereza walipigana na Wajerumani ng'ambo ya mpaka, Tanganyika, nchi yenye mbung'o wanaoua farasi na ng'ombe, kwa hiyo wakatumia watu. Kutoka Kenya peke yake walichukuliwa zaidi ya laki moja kuwa wachukuzi wa Carrier Corps. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Blanketi moja, chakula kisichoiva, mzigo wa mtu mwingine kichwani.

Ukishuka Kariokor leo kununua kiondo au kula nyama choma, umeshuka Carrier Corps. Jina limelainika mdomoni mwetu hadi halisikiki tena kama jeshi. Na kwenye Kenyatta Avenue ipo ile sanamu ya Waafrika watatu, ambayo tunapita kila siku tukikimbilia basi. Wengi wetu tunadhani wote ni askari. Angalia vizuri: mmoja ni mchukuzi.

Blanketi lilibaki. Mkataba wa kazi wa wakati huo ulihesabiwa kwa posho na blanketi, na mwanamume aliyerudi nyumbani na blanketi zuri alikuwa ameonekana. Babu aliporudi Sigor alikuwa na moja la rangi ya kijivu lenye mstari mwekundu. Kogo anasema lilinuka mji mwaka mzima. Nikamuuliza mji unanukaje. "Makaa na watu," akasema.

Lazima niseme pia kwamba watu wetu hawakukimbilia Nairobi kama wengine. Kampuni za chai zilipoingia Kericho katikati ya miaka ya 1920, Brooke Bond na James Finlay, zilichukua ardhi nzuri iliyokuwa imetwaliwa tayari. Lakini wafanyakazi wao wengi mwanzoni walitoka Nyanza na kwingineko. Mkipsigis aliyebaki na shamba aligundua kwamba wale wafanyakazi wanakula, akapanda mahindi, akauza. Kusaga kukawa biashara, na vinu vya maji vikajengwa kwenye mito. Kuuza unga kwa jirani kulilipa vizuri kuliko kwenda kufua nguo za mtu Nairobi. Chai yenyewe hawakuruhusiwa kuilima hadi miaka ya 1950, wakati mpango wa Swynnerton wa 1954 ulipofungua mlango, na KTDA ikaundwa mwaka 1964. Kwa hiyo waliokwenda mjini kutoka kwetu kwa miaka mingi ni wale ambao mahindi hayakuwatosha, au waliokuwa na kesi, au waliotaka tu kuona. Hao wa kutaka kuona tu nawapenda, kwa sababu hakuna karatasi iliyowaandika.

Maziwa

Sasa turudi kwa orodha ya kogo. Kwa nini maziwa?

Mursik hutengenezwa hivi. Kibuyu, sotet, hukaushwa na kusafishwa kwa sosiot, ufito wa mnazi pori wenye ncha iliyochanuliwa kama brashi. Vijiti vya senetwet vinachomwa, na kaa lake linasagwa ndani ya kibuyu kwa ile sosiot hadi ukuta wote uwe mweusi. Maziwa yaliyochemshwa na kupoa yanamiminwa, kibuyu kinafunikwa na kuwekwa mahali baridi siku kadhaa. Yakiiva yana rangi ya majivu kidogo, na harufu ya moshi. Ndiyo hayo unayoona wanariadha wakinyweshwa pale uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta wakirudi na medali.

Kuyasafirisha ni kazi. Maziwa yanayochachuka yanatoa hewa, na kwenye basi lenye joto mfuniko huruka. Kila familia ya kwetu ina hadithi ya kibuyu kilicholipuka Narok. Ndiyo maana wengi siku hizi wanaweka kwa jerikeni ya lita tano na kuachilia kifuniko kidogo kidogo njiani. Kogo hataki kusikia habari ya jerikeni.

Niliuliza kwa nini mtu ajisumbue wakati Nairobi kuna maziwa kila kona. Jibu liko katika nyumba za mji. Nairobi ya wakoloni ilimjengea Mwafrika mahali pa kulala mwanamume mmoja, kitanda kwa kitanda, kwa sababu ilitaka afanye kazi kisha arudi kwao. Hoteli kubwa kama Norfolk, iliyofunguliwa mwaka 1904, hazikuwa zake. Ndiyo maana mgeni kutoka kijijini hakuwa na pa kulipia. Alifikia kwa ndugu, chumba kimoja, labda tayari kina watu watatu. Ndugu hawezi kusema hapana, wala hawezi kusema "lipa". Kinachobaki ni mzigo: maziwa, unga wa wimbi, kuku aliyefungwa miguu chini ya kiti cha basi, mahindi mabichi kama ni msimu. Ule mzigo ndio kodi ya nyumba. Mwenyeji akiufungua anajua utakaa siku ngapi.

Na kurudi vilevile. Haukurudi kijijini bila mkate, sukari na majani ya chai. Ndiyo, majani ya chai. Unatoka nchi ambayo chai inachunwa, inapelekwa kiwandani, inauzwa mnada Mombasa, inafungwa kwenye pakiti, kisha unainunua Nairobi na kuipeleka zawadi Kericho. Nilimwambia kogo hayo akanyamaza kidogo. "Ile ya pakiti ilikuwa tamu zaidi," akasema.

Sanduku

Sisi kizazi chetu tumejifunza kufunga mizigo shule ya bweni. Sanduku la bati, kufuli, jina lako kwa rangi nyeupe. Yale masanduku mengi hutengenezwa Kamukunji, Nairobi, na mafundi wa jua kali wanaogonga mabati na mapipa ya zamani kutoka asubuhi hadi jioni. Moi aliwatembelea mwaka 1985 na kuamuru wajengewe vibanda. Basi sanduku linazaliwa Nairobi, linanunuliwa Bomet, linakwenda shule, na mwenyewe akibahatika linarudi Nairobi naye.

Langu lilirudi. Nilikuja nalo chuo kikuu mwaka wangu wa kwanza, ingawa hakuna mtu mwingine hosteli aliyekuwa na sanduku la bati, na nikaona aibu. Nilipoacha masomo mwaka wa tatu sikulipeleka nyumbani, kwa sababu kurudi na sanduku ni kutangaza kwamba umerudi. Liko chini ya kitanda changu, ndani kuna vitabu na sweta. Nadhani wanaume wa kipande wangeelewa. Nao walikuwa na njia za kurudi nyumbani bila kuonekana wamerudi.

Neno mtumba nalo ni neno la kufunga mizigo. Mtumba ni furushi, mzigo uliofungwa kwa kamba. Soko lilipofunguliwa miaka ya mwanzo ya 1990, marobota ya nguo zilizovaliwa Ulaya na Marekani yakajaa Gikomba, na viwanda vyetu vya nguo vikaanza kufa kimoja baada ya kingine. Leo binamu yangu akivaa jinzi yake nzuri kuja Nairobi, jinzi hiyo ilishapita Nairobi. Ilifunguliwa kwenye mtumba Gikomba, ikauzwa tena soko la Bomet, ikafika Sigor. Anaileta mji ule ule ili asionekane mshamba.

Na mfuko wa kubebea vyote hivyo nao umebadilika. Kulikuwa na kiondo, gunia, kisha juala. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, faini hadi shilingi milioni 4 au kifungo hadi miaka 4. Kogo alikuwa na juala zake za miaka mingi, amezifua na kuzikunja chini ya godoro. Shangazi alipomwambia anaweza kufungwa kwa sababu yazo, akauliza: "Nani atakuja kuangalia chini ya godoro langu?" Halafu akaenda kuzichoma.

Mfuko mmoja

Kuna safari ambazo mtu hachagui kitu cha kubeba. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi la Waingereza liliuzingira mji wa Nairobi alfajiri. Waliiita Operesheni Anvil. Maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa majumbani na makazini wakachujwa, na wengi wakapelekwa kambini. Waliruhusiwa kubeba mfuko mmoja. Vilivyobaki, vitanda, baiskeli, cherehani, vilibaki mjini kwa yeyote atakayevichukua.

Watu wetu hawakulengwa siku ile, na nisijifanye walilengwa. Lakini huo mfuko mmoja nimeuona. Januari 2008 nilikuwa mtoto wa darasa la pili. Matokeo ya uchaguzi yalikuwa yametangazwa, na nchi ikashika moto. Tume ya Waki ilihesabu baadaye watu 1,133 waliouawa nchini kote, na mamia ya maelfu walihama. Kericho, kwenye mashamba ya chai, wafanyakazi wa makabila mengine walifukuzwa kutoka nyumba walizokuwa wameishi miaka mingi. Huku kwetu vilevile. Jirani yetu mmoja alikuwa mama Mkisii aliyeuza mboga na kushona nguo. Watu wa mahali petu, watu tunaosalimiana nao hadi leo, walimwambia aondoke kabla ya giza.

Alikuja kwa kogo jioni na sanduku la bati, sawasawa na lile nililokuja kupewa mimi miaka baadaye. Hakuweza kulibeba pamoja na watoto. Akaliacha, akaondoka na mfuko mmoja na godoro lililokunjwa.

Hakurudi. Sanduku liko kwenye chumba cha nyuma mpaka leo. Halijafunguliwa. Kila Desemba nyumba ikisafishwa kogo anatoa vumbi juu yake na kulirudisha. Nikiwa kijana niliwahi kumuuliza kwa nini asilifungue, huenda kuna namba au jina la kwao ndani, tumtafute. Akaniangalia kwa muda. "Tungemtafuta wakati ule," akasema.

Alichobeba

Binamu yangu hakuwa na sanduku, kwa sababu lake la shule lilivunjika kufuli. Siku moja kabla ya safari aliuliza kama anaweza kutumia lile la chumba cha nyuma, atoe vilivyomo aviweke kwa gunia, wiki mbili tu. Kogo hakupaza sauti. Alimwambia: "Hilo lina mwenyewe."

Kitambulisho pia hakuwa nacho. Alikuwa ameomba mwezi uliotangulia: barua ya chifu, nakala za vitambulisho vya wazazi, vidole vyote kumi kwenye wino. Tangu 1920 vidole ni vilevile. Alikuwa na ile karatasi ndogo ya kungojea tu. Mama yake, ambaye ni shangazi yangu, aliitia ndani ya plastiki, akaikunja mara mbili, akamwambia aiweke mahali ambapo hata akilala kwa matatu ataisikia mwilini. Pia alimwambia akisikia kuna maandamano asikanyage katikati ya mji. Tangu Juni 2024, vijana walipoingia mjini na bendera, chupa za maji na simu kwenye mabegi yao na wengine hawakurudi, shangazi hamwoni mtoto na begi mgongoni bila kuuliza anakwenda wapi.

Nilimpokea jioni. Alishuka na begi moja ya mgongoni ameivaa mbele kama nilivyomwambia, akionekana kama mama mjamzito, na mkono wa kulia ameshika sotet iliyofungwa kwa leso. Haikuwa imelipuka. Watu walitupisha njia kwa sababu ya ile sotet, na mzee mmoja aliyekuwa akiuza njugu akasimama kabisa akasema, "Chamgei." Tukamjibu.

Tulipita polisi wawili kabla ya kufika stendi ya pili. Niliona mkono wa binamu yangu ukienda wenyewe kifuani, pale karatasi ilipokuwa, karibu kabisa na shingo. Hawakutusimamisha. Lakini mkono ulikaa pale mpaka tukawapita, na nilipojiangalia, wangu pia ulikuwa mfukoni, umeshika pochi.

Kejani tulimimina maziwa kwenye vikombe viwili. Mwenye nyumba wangu alipita koridoni, akanusa, akarudi kuuliza ni nini hicho. Tukampa kikombe cha tatu. Alikunywa amesimama mlangoni, akamwuliza mgeni anatoka wapi na atakaa siku ngapi.

"Sigor," binamu yangu akasema. "Nitakaa wiki mbili. Nimekuja tu kuona."